Kisanduku Kilichosema kwa Sauti ya Bi Stesheni

Nusu ya madereva wa mji ule walifundishwa na mtu mmoja, na wote walimwita Breki. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na mguu wake ulizoea kukanyaga ile ya mwalimu kiasi kwamba hata baada ya kustaafu haukukubali kupumzika. Ungemkuta kwenye kochi anasikiliza taarifa ya habari. Msomaji akikosea neno, mguu chini. Kwenye harusi mhubiri akirefusha, mguu chini. Watu waliokaa karibu naye walijua mapema kwamba mambo si mazuri.

Mguu huohuo ndio ulioanza kumsaliti. Kwanza goti likanuna, halafu nyonga ikaliunga mkono, na mwishowe Breki akawa anatoka chumbani kwenda sebuleni kwa kushika kila kinachoshikika: kitasa, ukingo wa meza, mgongo wa kiti. Akiulizwa, anasema anakagua kama fanicha bado ni imara.

Alikuwa na binti mmoja tu, na kazi ya binti huyo ilikuwa kuwarahisishia maisha wazee wanaokaa peke yao. Kampuni yao ilibuni vitu na kuwapelekea watu majumbani: vyuma vya kushikilia bafuni, viti vya kuogea, bangili zenye kitufe cha kuita msaada, na kisanduku kimoja cheupe, ukubwa wa mkate, kinachokaa rafuni na kusikiliza. Kisanduku hicho kilimkumbusha mtu dawa zake, kikamhimiza anyooshe miguu, na kikisikia kishindo kilimuuliza kama yuko salama. Asipojibu, kinapiga simu kwa jamaa zake.

Binti alikuwa amekiingiza kwenye nyumba za watu baki, wakali kwa wapole, lakini kwa baba yake kiligonga mwamba.

"Baba, watu ofisini wananiuliza, mzee wako anakionaje? Niwajibu nini?"

"Waambie mzee wangu si mzee."

Alibembeleza, akachoka. Akaona atumie akili. Siku moja alikuja amekunja uso, akaketi, akashika tama.

"Tuna shida, Baba. Wote wanaotujaribia vifaa ni wapole mno. Ukiwauliza kasoro, wanasema ahsante mwanangu, kizuri tu. Tunahitaji mtu mkali. Mtu wa kutukosoa bila kutuonea haya."

Breki alijitia hamnazo kidogo, akatazama dirishani, akakohoa. Lakini jamani, mtu aliyekula maisha yake yote kwa kukosoa, umwambie unatafuta mkosoaji, atalala?

"Kwa majaribio tu," alisema. "Na nitasema ukweli."

"Ndio ninaoutaka."

Fundi akaja, akatoboa ukuta wa bafuni na kufunga chuma cha kushikilia, ambacho Breki alikigeuza papo hapo kuwa pa kuanikia taulo. Kisanduku kikawekwa kwenye rafu ya ukumbini, kati ya chumba cha kulala na bafu. Bangili akaikubali kwa shingo upande, akaivaa dakika chache, akaivua akisema inamfanya aonekane kama mgonjwa aliyetoroka hospitali.

Likabaki zoezi moja. Kisanduku kilitakiwa kizoee sauti yake akitamka maneno ya kuita msaada.

"Sema 'nahitaji msaada', Baba."

"Kwa nini niseme wakati sihitaji?"

"Ni zoezi tu."

Breki akayatema kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Binti akamwomba ayarudie. Akayarudia, safari hii akitazama dari. Binti akasema basi, yatosha. Siku hiyo alikuwa na haraka ya ajabu, na kila baba yake alipomtazama, yeye alitazama pembeni.

"Halafu sauti yake tumeibadilisha," alisema tayari akiwa mlangoni. "Ile ya kwanza ilikuwa inakimbia, kama mtoto anayekariri mbele ya wageni. Wazee wakawa hawaambulii kitu. Tumepata nyingine."

"Ya nani?"

"Ya mtu tu. Utaizoea." Na akatokomea.

Jioni, Breki akiwa mezani na bakuli lake la supu, ukumbi ukasema:

"Habari za jioni. Ni wakati wa dawa yako ya presha. Tafadhali, kunywa na maji ya kutosha."

Kijiko kikamponyoka. Ilikuwa sauti pana, tulivu, isiyo na haraka na isiyo na mzaha, kila neno limesimama peke yake kama abiria mwenye tiketi mkononi. Mji mzima uliijua. Kwa miaka na miaka ndiyo iliyotangaza kwenye vipaza sauti vya stesheni ni treni ipi inaondoka na kutoka jukwaa lipi, na hakuna mtu aliyewahi kuachwa na treni akasingizia kwamba hakusikia. Mwenye sauti waliishia kumwita Bi Stesheni.

Na Bi Stesheni alikuwa mke wa Breki.

Tuseme alikuwa. Hawakupelekana mahakamani wala kurushiana vyombo. Walipostaafu wote wawili, mwaka mmoja, Breki alijikuta hana mwanafunzi ila mkewe. Akawa anamwelekeza namna ya kufunga bomba, namna ya kukunja shuka, namna ya kupitisha pasi kwenye kola. Bi Stesheni alivumilia, halafu asubuhi moja, wakati Breki akimfafanulia jinsi ya kumimina chai bila kuharakisha mkono, aliweka birika chini na kusema kwa sauti ileile ya vipaza sauti, "Mwalimu, mimi mtihani nimeshafeli. Naenda." Akahamia kwenye nyumba ndogo upande wa pili wa mji, na tangu hapo walikutana kwenye misiba na harusi tu, wakisalimiana kwa adabu kama mabalozi wa nchi mbili zenye mgogoro wa mpaka.

Breki alimpigia binti simu papo hapo.

"Umeniletea mama yako ndani ya boksi!"

"Si Mama, Baba, ni sauti tu. Tulimwomba akaturekodia. Wazee wote kwenye majaribio wanaisikia, hata wenye masikio mazito. Kwani Mama amewahi kutamka neno likapotea?"

Breki alifikiri kwa uaminifu wote. "Hapana," alisema. "Na hilo ndilo lililonitesa."

"Nikuwekee nyingine? Ipo ya mwanamume mmoja, mwalimu wa hesabu."

"Kwanza nikikosoe hiki," alisema Breki. "Kazi ni kazi."

Basi vita vikaanza. Siku ya kwanza alikifunika kisanduku kwa taulo. Kikasema, kwa sauti iliyojaa pamba, kwamba ni wakati wa dawa. Siku ya pili alikigeuza kikatazama ukuta. Siku ya tatu aliamua kukijibu.

"Umekaa kwa muda mrefu. Ni vizuri kuinuka na kunyoosha miguu."

"Na wewe umesimama kwenye rafu kwa muda mrefu! Keti!"

"Samahani, sijakuelewa."

"Lini ulinielewa?"

Lakini dawa alikunywa. Na bila mtu kumlazimisha, akaanza kupunguza sauti ya redio kila wakati wa dawa unapokaribia, ili, alivyojiambia, asikie kasoro vizuri. Akaanza pia kunyoa ndevu kabla ya salamu ya asubuhi. Hilo hakujieleza, alinyoa tu.

Jirani yake alikuwa mpima ardhi mstaafu, mjane, ambaye hata akienda kutupa takataka alifunga tai shingoni, kwa hiyo mtaa ukamwita Mzee Tai. Huyu naye akajiunga na huduma. Asubuhi moja Breki yuko nyuma ya nyumba anakung'uta mkeka, akasikia kutoka dirishani kwa jirani ile sauti ikisema, "Habari za asubuhi. Natumaini umelala vizuri."

"Nimelala vizuri sana, mama," Mzee Tai akajibu, laini kama siagi. "Na wewe je, umeamkaje leo?"

Mkeka ukamdondoka Breki mkononi.

"Unaongea na nani humo?" aliita.

Mzee Tai akachungulia, tai imekaa sawasawa, meno nje. "Ah, na huyu mwenzetu wa kisanduku. Najua ni mashine, lakini nahisi tunaelewana. Ana heshima, eh? Hivi mwenye sauti hii ni mtu wa wapi?"

Breki akamwambia hajui, akaingia ndani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeikanyaga ardhi kwa nguvu mpaka kandambili ikakatika. Akampigia binti.

"Sauti hiyo mmewapa watu wangapi?"

"Wengi, Baba. Inapendwa sana."

"Wanaume?"

Binti alibana kicheko. "Wanaume pia huanguka, Baba."

Yeye mwenyewe alianguka wiki hiyohiyo. Alikuwa anatoka kuoga, mkono ukatafuta chuma cha ukutani, ukakutana na taulo. Taulo likateleza, na yeye akalifuata. Alitua sakafuni kwa ubavu, kishindo kikatikisa kopo la miswaki. Maumivu yakampanda kutoka nyonga hadi kwenye meno. Alikuwa uchi kama alivyozaliwa, na bangili yenye kitufe ilikuwa mezani chumbani, mahali ambapo haikumfanya aonekane mgonjwa.

Ukumbini sauti ikasema, "Nimesikia kishindo. Uko salama?"

"Salama kabisa!" Breki alijibu kabla hata hajafikiri, tena kwa uchangamfu, kama mtu aliyekutwa bustanini.

"Vizuri sana. Nakutakia siku njema."

Na ikanyamaza.

Breki alibaki pale akitazama sehemu ya chini ya sinki, ambayo hakuwahi kuiona na ambayo ilihitaji kusuguliwa. Alijaribu kuinuka, nyonga ikakataa katakata. Akajaribu kujivuta kufika mlangoni, akasogea urefu wa sabuni. Baridi ya sakafu ikaanza kumwingia. Ndipo alipoelewa kwamba amemfukuza mgeni pekee aliyekuja kumjulia hali.

"Wewe!" aliita.

"Samahani, sijakuelewa."

"Hebu njoo!"

"Samahani, sijakuelewa."

"Sikiliza basi, nimebadilisha mawazo. Ile salama ilikuwa... ilikuwa salama ya adabu."

"Samahani, sijakuelewa."

Alijua fika maneno yanayotakiwa. Yalikuwa mawili tu, na alikwisha kuyatema mara mbili mbele ya binti yake. Lakini kuyasema mbele ya sauti ile! Kwa miaka yote ya ndoa yao yeye ndiye aliyekuwa akitoa maelekezo. Hata alipougua homa ya kulazwa alimwelekeza Bi Stesheni namna ya kubeba sinia. Akafumba macho. Maji ya bomba yalidondoka, na mbali barabarani mtu alikuwa anapiga honi bila sababu, na Breki hakuwa na nguvu hata ya kumkanyagia breki.

"Nahitaji msaada," alisema. Na kwa kuwa alisema kwa sauti ndogo mno, akaogopa hakijasikia, akarudia kwa sauti ambayo ilikatika katikati. "Nahitaji msaada, mama."

"Nimekusikia," sauti ikasema. "Usijisogeze. Naita watu sasa hivi. Niko hapa."

Ni maneno ambayo binti yake na wenzake waliyaandika wakiwa ofisini, wakabishana kama 'niko hapa' yatolewe au yabaki. Breki hakuyajua hayo. Alilala pale sakafuni na machozi yakamtoka pembeni ya jicho, yakaingia sikioni.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Tai, ambaye binti alikuwa amemwachia ufunguo wa akiba na kuiweka namba yake kwenye kisanduku. Alimfunika jirani yake kwa lile taulo la lawama, akakaa naye sakafuni na tai yake, na kwa uungwana wake hakuuliza lolote ila kama anataka mto. Binti alifika akihema. Hospitali wakampiga picha: mfupa haukuvunjika, nyonga imechubuka na kuvimba, apumzike na atembee kwa kigari cha kushikilia. Breki alikitazama kile kigari cha magurudumu manne kwa dharau, mpaka alipoona kwenye mipini yake kuna breki. Mbili. Hapo akaishika mipini.

Nyumbani binti aliketi kando ya kitanda.

"Baba, nimesikiliza rekodi. Umeanguka, umeulizwa kama uko salama, ukajibu salama kabisa. Kwa nini?"

"Ulitaka nimwambie yeye?"

"Ni mashine, Baba!"

"Mashine yenye sauti ya mama yako si mashine, mwanangu. Ni shahidi."

Binti alicheka, kisha akaacha kucheka. Alirudi ofisini akasikiliza rekodi za nyumba nyingine, akakuta salama nyingi za namna ile. Mama mmoja alijibu salama akiwa amekwama kwenye beseni la kuogea. Mzee Tai mwenyewe, kumbe, aliwahi kuteguka kifundo, akajibu, "Usijali kabisa, mpendwa." Walibuni kifaa kinachosikia kishindo na sauti, wakasahau kwamba watu wazima wana adabu, na wana aibu. Ikabidi maneno yaandikwe upya na kurekodiwa upya.

Ndivyo Bi Stesheni alivyoingia tena kwenye ile nyumba, Jumamosi mchana, nyuma ya binti yake, na mkoba kwapani. Alikuwa amepungua kidogo, na nywele zake nyeupe zilikuwa zimekatwa fupi. Breki alijaribu kusimama kwa heshima, akashindwa, akasingizia kwamba alikuwa anarekebisha mto.

"Mwalimu," alisema Bi Stesheni.

"Mama." Akakohoa. "Karibu. Ukivuta hicho kiti, kivute kwa..." Binti akamtazama. "Kivute utakavyo."

Binti akaweka kisanduku mezani, akawaeleza. Alitaka maneno ambayo yangemfanya mtu kama baba yake aseme ukweli. Bi Stesheni alisikiliza rekodi ya kuanguka yote, mpaka mwisho. Ilipofika 'nahitaji msaada, mama', alifungua mkoba wake na kutafuta kitu humo kwa muda mrefu, ingawa hakutoa chochote.

"Kosa ni kuridhika upesi," alisema hatimaye. "Mtu akisema 'salama kabisa' namna hiyo, huyo hayuko salama. Kisanduku kimwambie, haya, simama utembee mpaka mlangoni, nikusikie."

"Hilo litanikasirisha," alisema Breki.

"Naam. Na ukikasirika ndipo husema kweli."

"Na asipotembea?" aliuliza binti.

"Basi kiite watu, bila kumwomba ruhusa ya kumwokoa."

Breki alikanyaga sakafu kwa mazoea, akafinya uso kwa maumivu. Kisha akasema, bila kumtazama yeyote, "Na yale maneno ya kuita. Ni magumu. Mtu ana fahari yake. Kila mmoja achague maneno yake mwenyewe, yanayomtoka kirahisi."

Binti aliacha kuandika akamtazama. "Baba, wewe ungechagua yapi?"

"Hayo nitakuambia pembeni."

Alimwambia kweli, ukumbini, akiegemea kigari chake. Binti hakuwahi kumsimulia mtu ni maneno gani, ila alirudi sebuleni pua imekuwa nyekundu, akadai ni vumbi.

Mabadiliko yalipokamilika yakapelekwa kwenye nyumba zote. Watu walilalamika, kama ilivyo kawaida, kwamba kisanduku kimekuwa king'ang'anizi, lakini waliokwama walianza kupatikana mapema. Mama wa beseni alichagua kuita kwa kupiga mluzi. Mzee Tai alichagua 'mpendwa, hebu', na Breki aliposikia hivyo alikwenda mwenyewe, kwa kigari, mpaka kwa jirani, akamweleza kinagaubaga mwenye sauti ile ni nani. Mzee Tai aliwiva uso, akalegeza tai, akaomba awekewe yule mwalimu wa hesabu.

Siku ya kuja kukagua kama yote yanafanya kazi, binti alichelewa, na Bi Stesheni akatangulia. Wakakaa wawili tu, chai katikati. Ukumbini ile sauti ikatangaza wakati wa dawa. Bi Stesheni akajisikiliza, akainua kichwa.

"Ndivyo nilivyokuwa nikisikika humu ndani? Mkali hivyo?"

"Hiyo ni afadhali," alisema Breki. "Hiyo inasema tafadhali."

Alimtazama, akaona Bi Stesheni anacheka, mabega yakimtikisika bila sauti kama zamani, akacheka naye mpaka nyonga ikamuuma. Akanywa dawa. Bi Stesheni akamimina chai kwa kuharakisha mkono, ikamwagika kidogo kwenye sahani, na Breki akauona ule mwagiko vizuri sana, akameza mate, akageuka kutazama pazia.

"Utakuja tena Jumamosi?" aliuliza.

"Nije kufanya nini? Kisanduku kinafanya kazi."

"Kinafanya kazi," alikubali. Alizungusha kikombe chake. "Lakini hakijui kucheza karata."

Bi Stesheni aliinua kikombe, akapuliza chai, akanywa taratibu, akimwacha asubiri kama abiria aliyefika mapema mno.

"Jumamosi," alisema, "lakini karata nitagawa mimi."